Bi Mize na Mlima wa Sifa Isiyoshuka

Kabla hakujapambazuka, komeo lililia. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya kifaranga aliyeguswa akiwa usingizini. Ililia mara moja, ikalia tena, kisha nyumba ikatulia. Bi Mize alifumbua macho. Mtu akishazeeka hulala kama paka, sikio moja liko kazini.

Alijitanda kanga, akachungulia ukumbini. Mwenyeji wake, Kalita, alikuwa amechutama mbele ya mlango mkubwa wa nyumba, mkononi ana unyoya wa kuku na kijichupa cha mafuta ya zeituni. Alichovya unyoya, akapaka komeo, akalivuta kidogo, akalirudisha mahali pake.

"Mbona hulifungui, mwanangu?" Bi Mize aliuliza.

Kalita alishtuka, halafu akatabasamu. "Si langu kulifungua, mama. Nalipaka mafuta tu, lisije likashika kutu."

Ndipo akamweleza. Milango ya nchi ile ni ya mbawa mbili. Mtoto wa kike akizaliwa, baba yake hufunga ubawa wa kushoto kwa komeo alilolifua mwenyewe, na tangu siku hiyo watu wa nyumba ile hupita ubawa mmoja tu, hata wakibeba kitanda. Ubawa wa pili hufunguliwa siku binti anapoolewa, na mkono uliofunga ndio unaofungua. Bibi harusi hatoki kwa nusu mlango.

"Na harusi ya binti yangu Livena ni kesho," Kalita alisema. "Na mwenye mkono yuko juu."

Alilisema hilo "juu" kama watu wengine wanavyosema "gerezani".

Namna Bi Mize wa Pangani alivyofika nchi ya Morazina ni habari ndefu isiyo na faida. Alifika, akabisha hodi nyumba ya kwanza, akapokewa. Nchi yenyewe ni ukanda mwembamba kati ya milima ya mawe meupe na bahari ya buluu iliyokolea. Bahari yao haipwi wala haijai. Inakaa pale pale mchana kutwa kama maji ya mtungini, na siku ya kwanza Bi Mize alikaa ufukweni akiisubiri iondoke, mpaka watoto wakaja kumwuliza amepoteza nini. Juu ya mji mizeituni imepanda kwa safu, juu ya mizeituni kuna misonobari, na juu ya misonobari kuna vilele vilivyochongoka, kila kimoja na jina lake.

Lakini hakuna anayevipanda, na sababu yake ni sheria.

Zamani, alivyosimulia Kalita huku akikanda unga, mgeni mmoja mkubwa alipanda Mlima Ostari, akaitazama bahari, akasema, "Pazuri." Wenyeji walifurahi, wakamchinjia mbuzi. Baadaye akaja mwingine, naye akatazama, akasema, "Si haba." Wenyeji wakaona wameshushwa. Baraza likakaa, wazee wakajadiliana mpaka kahawa ikaisha mjini, wakatoka na sheria moja: kila anayefika kileleni lazima atoe sifa inayozidi ya aliyemtangulia, ama sivyo hashuki. Wakaiita Sheria ya Sifa Isiyoshuka. Kila kilele kikapewa afisa, anayeitwa Msikizi, akae pale kusikiliza na kuamua.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mtu alisema pazuri sana, mwingine akasema pazuri kuliko kwingine kote, mwingine akasema hapa ndipo jua linapojifunzia kazi. Sifa zikapanda kama bei ya sukari. Wenye maneno walishuka, wasio na maneno walikaa juu siku mbili tatu mpaka wakapata. Kisha akaja bwana mmoja mnene wa makao makuu ya serikali, amebebwa kwa machela, na nyuma yake mtu wa kukodiwa anamnong'oneza. Akasema, "Vipofu wa nchi za mbali huota mahali hapa." Msikizi akaikubali, bwana akashuka, na tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyeshuka Mlima Ostari.

"Na mumeo, alipanda kufuata nini?" Bi Mize aliuliza.

"Mbuzi," alisema Kalita. "Mbuzi alivuka mstari wa kileleni, Nereo akavuka nyuma yake. Mbuzi karudi mwenyewe jioni ile ile. Mbuzi hana sheria."

Nereo ni mtu wa maneno machache, alisema, na hata hayo machache huyapima. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, husema tusubiri tuone. Mtu kama huyo atawazidi vipofu wanaoota? Amekaa juu tangu mizeituni ilipochanua, na sasa zeituni zimekomaa. Harusi imeshaahirishwa mara moja kwa ajili yake. Mama mkwe wa Livena ametuma salamu kutoka bonde la pili, salamu fupi: wakija safari hii wakakuta komeo limefungwa, watarudi, na hawatakuja tena.

Livena mwenyewe alikuwa jikoni anachambua dengu. Hakulia wala kulalamika. Alikuwa anazichambua zile zile zilizokwisha kuchambuliwa.

Kalita alitoa mkate tanuruni, akaumega, akampa Bi Mize kipande cha katikati, kile laini, maana alishaona kwamba mgeni wake hana meno ya pembeni. Bi Mize alikitazama kile kipande, akaona alivyofikiriwa, moyo ukamjaa.

"Asante, mwanangu," alisema.

Kalita aliuweka mkate chini. Alikwenda mlangoni, akachukua ndara za Bi Mize, akazipangusa vumbi, akazielekeza nje. Kisha akarudi, akaanza kufunga mkate uliobaki katika kitambaa, na machozi yakimlengalenga.

"Nimekosa nini?" Bi Mize aliuliza.

"Hujakosa, mama. Umeshukuru. Kwetu mgeni akishashukuru anaondoka, na aliyeshukuru hazuiwi. Nilidhani ungekaa hata harusi ipite."

Ilibidi Livena atoke jikoni kuwasuluhisha. Kwa kina Bi Mize, alimweleza mama yake, huenda watu hushukuru hata wakiwa bado wamekaa. Kalita alilifikiria jambo hilo kwa uso wa mtu aliyeambiwa kwamba kuna nchi ambako watu hulala wakiwa wamesimama. Kisha akazigeuza ndara zielekee ndani, na mkate ukafunguliwa.

"Kwa hiyo mume akikutengenezea kiti humwambii asante?" Bi Mize aliuliza.

"Mume? Mume na mke hawaambiani neno hilo mpaka siku ya kuzikana."

"Basi mnamwambia amefanya vizuri."

"Hiyo ni sifa, mama. Sifa ni za juu. Tangu utoto tunaambiwa, weka akiba ya maneno, hujui lini utajikuta kileleni."

Hapo Bi Mize alielewa lililomsumbua tangu alipofika. Watu wa Morazina walikuwa wema kupita kiasi, lakini kimya. Jirani alileta kuni, akaziegemeza ukutani, akaenda zake. Livena alikuwa amevaa gauni lililomkaa kama ua, na mama yake alichosema ni kwamba halikupinda. Maneno mazuri yote yalipandishwa mlimani, na huko juu yalikuwa yamepanda mpaka hayafikiki. Chini yalibaki matendo, yakitembea mjini bila majina.

Asubuhi hiyo Kalita alikuwa anampelekea mumewe mkate, kama kila siku, na Bi Mize alisema atafuatana naye. Kalita alimtazama miguu, akamtazama mlima, akaenda kumtafutia fimbo.

Njia ilianza nyuma ya nyumba, kati ya kuta za mawe zilizopangwa bila udongo. Jua lilikuwa bado halijawafikia. Walipita mizeituni, wakaingia kwenye vichaka vifupi vyenye harufu kali. Ukivikanyaga vinanukia, na kadiri unavyovikanyaga ndivyo vinavyozidi kunukia, na Bi Mize akavionea huruma, akawa anavikwepa. Bahari ilibaki kushoto kwao, ikipungua sauti na kuongeza upana.

Bi Mize alipanda kama wazee wanavyopanda, yaani kwa kusimama kila mara na kudai anatazama mandhari. Lakini kweli alikuwa anatazama, na alichokiona zaidi ni njia. Mahali penye mteremko mkali mtu alikuwa amechonga shimo kwenye mwamba, la kuingiza vidole, na pembeni yake shimo jingine, chini zaidi, kwa watu wafupi. Chini ya msonobari kulikuwa na mtungi wa maji umefunikwa kwa jiwe bapa, na kata imefungwa kwa kamba ili upepo usiichukue. Mbele kidogo tawi lenye miiba lilikuwa limevutwa nyuma na kufungwa kwa ukili, lisije likamchoma mpita njia jichoni.

"Nani kafunga tawi hili?" aliuliza.

"Mtu tu," alisema Kalita.

"Na mashimo ya mkono?"

"Nayo mtu tu, mama. Nani atauliza?"

Jua lilikuwa limeshapanda walipoufikia mstari. Ulikuwa mstari wa chokaa uliopakwa juu ya mawe kutoka ukingo mmoja wa mlima hadi mwingine, na juu yake, hatua chache tu, kulikuwa na kilele chenyewe, uwanja mdogo wa mawe wenye kibanda, birika juu ya mafiga, na kiti kimoja. Kitini alikaa mzee mwenye ndevu za kijivu na kengele mapajani. Alikuwa ameipa bahari mgongo. Huyo alikuwa Orsano, Msikizi wa Ostari, na sheria ilimtaka awatazame wasemaji, si mandhari.

Waliokwama walikuwa wamekaa wakitazama mbali. Palikuwa na mwalimu mmoja mwembamba, mke na mume waliokuja kutembea kwa siku moja tu, na Pelago, aliyekuwa akiwaongoza wageni mlimani, mtu wa kicheko kikubwa na viatu vilivyoisha. Pembeni yao alisimama mwanamume mpana, mabega yameshuka, macho yameelekea njiani. Bi Mize hakuhitaji kuambiwa kwamba yule ni Nereo.

"Mkeo kafika, msemaji wetu," Pelago alimwambia. Kisha akawageukia wanawake. "Mama, jana huyu bwana kajitahidi. Kasimama, kakohoa, kasema, 'Maji ni mengi.' Tukampigia makofi ya huruma."

"Na wewe ulisema nini?" Bi Mize alimwuliza akiwa ng'ambo ya mstari.

"Mimi? Sifa zangu nzuri nilizimaliza huko chini nikiwanadia wageni. Nilipofika hapa nikajikuta mdomo mtupu."

Kalita hakuwa na muda wa mzaha. Alikuwa na upondo mrefu wenye kikapu kwenye ncha, kama familia zote zilivyokuwa nao, na alikuwa anausogeza mkate taratibu juu ya mstari. "Livena anakusalimu," alimwambia mumewe. "Wanakuja kesho asubuhi."

"Nimesikia," alisema Nereo.

"Jaribu leo. Sema chochote. Sema mawingu yanakuja hapa kunywa chai."

"Sijayaona yakinywa chai, Kalita."

Upepo ukavuma. Kikapu kikapinduka, na mkate ukaanguka, ukabiringika juu ya mawe, ukasimama hatua mbili ng'ambo ya chokaa, na sisimizi wakaushtukia. Nereo alikuwa mbali. Bi Mize alikuwa karibu. Tangu alipokuwa mtoto alifundishwa kwamba mkate ulioanguka hauachwi chini, na mwili wake ulilikumbuka fundisho hilo kabla ya kichwa kukumbuka sheria. Alivuka, akainama, akauokota, akaupuliza, akaupangusa kwa ncha ya kanga, akamkabidhi Nereo mkononi.

Kengele ikalia.

Kalita aliuangusha upondo, akashika mdomo. "Mama," alisema.

"Bibi," alisema Orsano kwa sauti ya upole, sauti ya mtu aliyelazimika kutoa habari mbaya mara nyingi. "Umeingia kileleni. Karibu. Sifa ya mwisho ilisema vipofu wa nchi za mbali huota mahali hapa. Utasema inayozidi, au utakaa nasi."

Bi Mize aliitazama chokaa, akautazama mkono wake wenye unga. Hofu ilimpitia. Aliwaza wajukuu wake, aliwaza kitanda chake cha kamba kule Pangani. Lakini miguu ilikuwa inamwuma kuliko hofu, kwa hiyo alitafuta jiwe, akakaa, akavua ndara, akaanza kujisugua vidole.

"Haya, babu we," alisema. "Ngoja kwanza nipumue."

Mke wa yule mume alimletea maji bila kuulizwa. Mwalimu alisogea ili ampe kivuli. Bi Mize akanywa, akatulia, akatazama. Bahari ilikuwa imejitandaza mpaka pasipo na mwisho. Rasi zilifuatana moja baada ya nyingine, kila moja imefifia kuliko iliyo mbele yake. Boti moja ilikuwa inachora mstari mweupe. Na chini kabisa, kati ya mizeituni, aliona paa la nyumba ya Kalita na moshi wa jikoni, na akajua kwamba Livena ameinjika dengu.

Ni kweli palikuwa pazuri. Lakini alipotafuta cha kusema hakuona la kuwapita wale vipofu, na hakuwa na hamu ya kushindana nao. Kilichomrudia kichwani ni safari ya kuja.

"Nikuulize," alimwambia Orsano. "Lile tawi la miiba njiani, nani kalifunga?"

Orsano alikohoa. Alizungusha kengele mapajani. "Tawi nililifunga mimi," alisema. "Kabla sijapewa kiti. Nilikuwa mtunza njia."

"Na mashimo ya mkono?"

"Nayo mimi. Mama yangu alikuwa mfupi."

Bi Mize alimtazama yule mzee aliyekaa kwenye upepo miaka yote hiyo, mgongo kwa bahari, akiwasikiliza watu wakitafuta maneno ambayo hawanayo. "Basi asante, ndugu yangu," alisema. "Umeniokoa jicho, na mimi yamebaki haya haya mawili. Asante sana."

Orsano akasimama. Aliiweka kengele chini, akapiga hatua hadi kwenye jiwe la Bi Mize, akachukua zile ndara, akazikung'uta kokoto, akaziweka sawasawa, pua zikielekea njia ya kushukia. Alimpa Bi Mize mkono ainuke. Ndipo akaona mikono yake inafanya nini, akabaki ameinama hivyo hivyo.

Kalita ndiye aliyeona kwanza. "Umezigeuza, Mzee Orsano," alisema kutoka ng'ambo. "Mgeni kashukuru na wewe umezigeuza."

"Nimezigeuza," alikubali.

"Aliyeshukuru hazuiwi," alisema Pelago, na safari hii hakucheka.

Mwalimu alinyoosha kidole, kama alivyowafundisha wanafunzi wake. "Naomba tusiharakishe. Asante ni sifa ndogo. Kwa kuwa ni ndogo, haizidi ya vipofu. Kwa hiyo bibi amevunja sheria mara mbili."

"Sifa gani?" Bi Mize aliuliza. "Sikusema tawi ni zuri. Tawi lenyewe baya, lina miiba."

Mwalimu akakishusha kidole.

"Lakini sheria ya mgeni ni ya nyumbani," Orsano alisema, na sasa ilionekana anabishana na nafsi yake. "Mgeni humshukuru mwenyeji. Hapa hakuna mwenyeji. Hapa kuna Msikizi."

"Hicho kibanda cha nani?" Pelago aliuliza.

"Changu."

"Na birika?"

"Langu."

"Nani hutuchemshia chai asubuhi, na kujinyima sukari ili sisi ipate kututosha?"

Orsano alilitazama birika lake.

"Kama wewe si mwenyeji, Mzee wangu, basi mimi sijawahi kumwona mwenyeji."

"Na kati ya sheria hizo mbili," Bi Mize aliuliza, "ipi kubwa kwa umri?"

Hilo halikuhitaji mjadala. Sheria ya sifa ilitungwa na baraza, na kila mtu alijua siku hiyo kahawa iliisha mjini. Ya mgeni hakuna aliyeitunga. Iliwakuta.

Mzee alikaa kitini, akainuka tena. "Miaka yote hii hakuna aliyenishukuru," alisema, si kwa kulalamika bali kama mtu anayeeleza kwa nini hesabu yake ilikosewa. "Walikuwa wanatazama nyuma yangu."

Bi Mize alivaa ndara zake, lakini hakuondoka. Alimgeukia Nereo, aliyekuwa bado ameshika mkate kwa mikono miwili. "Na wewe, mwanangu. Huna hata moja ya kumwambia mwenyeji wako?"

Uso wa Nereo ulibadilika. Kwa mara ya kwanza tangu mizeituni ilipochanua aliombwa kusema jambo ambalo lilitokea. Alikwenda mbele ya mzee, akakohoa.

"Usiku wa ule upepo mkubwa," alisema, "ulinipa nusu ya blanketi lako. Nusu yenyewe ilikuwa ile isiyotoboka. Asante, Mzee Orsano."

Orsano aliinama, akapangusa viatu vya Nereo vikiwa miguuni mwake, akamshika mabega, akamgeuza yeye mzima, aelekee njiani. Nereo akauvuka mstari wa chokaa. Kalita hakumkumbatia, maana nchi ile watu hawakumbatiani mlimani, lakini alimshika mkono wa kulia, ule wa komeo, akautazama pande zote mbili kama anayekagua chombo kilichorudishwa na jirani.

Wengine wakafuata. Mke na mume walishukuru kwa chai. Pelago alishukuru kwa kuchekewa vichekesho vile vile kila siku. Mwalimu alikuwa wa mwisho, kwa sababu alitaka kuwa na uhakika, na alishukuru kwa kusikilizwa mpaka mwisho wa kila sentensi.

Bi Mize alipokuwa anavuka alisita. Yule mzee alikuwa amebaki peke yake na birika na kengele. "Hebu geuka utazame na wewe," alimwambia. "Shingo haikatiki."

Orsano alikigeuza kiti polepole, akakaa, akaitazama bahari. Walimsubiri. Alitazama muda mrefu.

"Kumbe wamejenga nyumba pale kwenye rasi," alisema hatimaye.

Walipokuwa wanashuka, jua likiwa mgongoni, Nereo aliumega mkate akampa mkewe kipande kikubwa. Walipofika kwenye tawi la miiba alimtazama, akakohoa, akasema, "Hiyo skafu imekupendeza."

"Usipoteze maneno," alisema Kalita, masikio yakiwa yamemwiva kwa haya.

"Juu hawayahitaji tena."

Kesho yake asubuhi wageni kutoka bonde la pili walisimama barazani na mandolini zao, ala za nyuzi, na mama mkwe mbele, uso umekunjwa tayari kwa kukasirika. Ndani, Livena alisimama mbele ya mlango. Nereo alilishika komeo. Halikulia hata kidogo, kwa mafuta ya alfajiri nyingi. Lilitoka kama kisu kwenye siagi, na ubawa uliofungwa siku Livena alipozaliwa ukafunguka mpaka ukutani, na mwanga ukaingia sehemu ya ukumbi ambayo haijapata mwanga tangu siku hiyo. Nereo alimtazama binti yake ndani ya mwanga huo.

"Umependeza, mwanangu," alisema, na Livena, ambaye hakulia wakati wote wa shida, akalia hapo.

Katikati ya sherehe akaonekana mtu anashuka mlimani na kiti kichwani. Watu walimwuliza Mzee Orsano alimshukuru nani hata akaweza kushuka. Alikiweka kiti chini karibu na sufuria la mchuzi, akakaa akiwatazama wachezaji. "Nilitazama huku na huku," alisema, "nikaona anayenizuia ni mimi tu. Nikajigeuzia viatu."

Baraza la Morazina lilikutana baadaye kujadili kama sheria imevunjwa au imezeeka. Bi Mize alipoondoka walikuwa bado wanajadili, na kahawa ilikuwa imeanza kupungua. Lakini watoto walikuwa wameshaanza kupanda Ostari kwa makundi, na wakirudi hawaelezi bahari. Wanaeleza nani aliwashika mkono mahali penye utelezi.

Asubuhi ya kuondoka kwake, Kalita alimfungia mkate laini, wa katikati mtupu, na kichupa cha mafuta ya zeituni. Ndara zilikuwa bado zimeelekea ndani. Bi Mize alisimama kwenye mlango ulio wazi mbawa zote mbili, akawatazama Kalita na Nereo, na neno likampanda mpaka mdomoni.

Kalita aliinua kiganja, akamzuia.

"Usiliseme, mama," alisema. "Ukilisema tumemalizana. Ondoka nalo hivyo hivyo. Mtu mwenye asante yetu mdomoni lazima arudi kuitoa. Utakuja?"

Bi Mize aliufumba mdomo wake juu ya lile neno, akainama, akazigeuza ndara mwenyewe.

"Mizeituni ikichanua," Kalita alimwita, Bi Mize akiwa ameshafika njiani. "Njoo mizeituni ikichanua. Tawi tutakuwa tumelifunga upya."